Mtungi Uliorudi Umejaa

Siku ile niliporudishiwa mtungi wangu ungali umejaa, mwanangu, naikumbuka mpaka harufu yake. Najua wewe umekuja kuuliza habari za kitabu, na mimi naanza na mtungi. Nivumilie. Mtu mzima hafiki nyumbani kwa njia moja; lazima apitie shambani kwanza, aone maharage yameamkaje.

Mimi ni Adela wa Butihinda, bibi yake Spesi, yule mwalimu wa Gitega aliyeandika kitabu cha boga. Shule yangu iliishia darasa la nne. Naandika polepole na herufi zangu zimelala kama mtama uliopigwa na mvua ya mawe. Spesi ameahidi kuzisimamisha bila kuyagusa maneno. Ananiambia vijana wenzake wanaoandika, wa Gitega na wa Muyinga, wanamsumbua kila siku. Ulifanyaje mpaka kikatoka? Wasomaji uliwapata wapi? Naye huwajibu, "Muulizeni bibi." Basi nimeulizwa.

Nilikulia upande wa Tanzania. Baba alikwenda kule kutafuta kazi nikiwa mgongoni kwa mama, na tuliporudi Burundi nilikuwa msichana wa kuposwa, Kiswahili kimejaa kinywani na Kirundi kinachechemea. Nikaolewa Bugendana, kwa Gaspari, Mungu amlaze pema. Miezi michache baada ya harusi ikafika zamu yangu ya kupeleka pombe kwa wakwe. Bibi arusi hupimwa kwa mambo mengi, lakini mtungi wake wa kwanza ndio unaosemwa mpaka anazeeka.

Nilijitahidi, mwanangu. Mtama niliuloweka mwenyewe, nikauotesha chini ya majani ya migomba, nikaanika kimea, nikasaga, nikapika, nikangoja. Asubuhi ya siku yenyewe nilirudisha mlango wa jiko nikaonja peke yangu. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa na ule ukali mdogo unaogusa pua kisha unaomba msamaha. Nikajitwika mtungi hadi kwa baba mkwe. Walikuwa wameketi watu kama kumi na wawili, wameacha nafasi katikati. Nikautua, nikachomeka mirija, nikarudi nyuma nikakaa mkekani na kuinamisha kichwa. Niliona ndiyo adabu. Kule nilikokulia, msichana akileta kitu hutua na kujiondoa.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Walizungumza habari za mvua. Wakazungumza habari za ng'ombe wa jirani aliyezaa mapacha. Mtungi ulikaa katikati yetu kama mgeni asiyejulikana na mtu. Mwishowe baba mkwe akanishukuru kwa sauti ya upole, watu wakaaga mmoja mmoja, na shemeji yangu Venansi akaubeba mtungi akanirudishia hadi nyumbani, umejaa vilevile. Afadhali ungemwagika njiani. Nililia mpaka usiku. Niliona wameikataa pombe, na wakiikataa pombe wamenikataa mimi.

Kesho yake asubuhi akaja Bibi Marita, shangazi yake Gaspari, mwanamke mfupi ambaye mdomo wake haukumwogopa chifu wala padri. Hakunisalimu. Aliinama juu ya mtungi, akanusa, akaniuliza kama niliionja. Nikamjibu ndiyo, niliionja jikoni.

"Jikoni nani alikuona?"

Nikamsogezea kigoda, hakukikalia.

"Unaleta kinywaji, wewe mwenyewe hunywi, unakaa pembeni unatazama chini. Kama mwenye pombe anaiogopa, sisi tuna roho ngapi?"

Ndipo nikaelewa. Kwetu Burundi mwenye kutoa kinywaji hukitangulia. Huvuta mrija wa kwanza mbele ya macho ya watu, kana kwamba anawaambia: nimekunywa, mnaniona mzima, karibuni. Kila mtoto wa Bugendana alilijua hilo kabla ya kuota meno. Mimi sikulijua, na mama yangu, kwa kukaa ugenini miaka mingi, alisahau kuniambia.

Marita hakuishia hapo. Alisema nimeweka mtungi nikangoja watu waje wenyewe kama nzi, sikumwita hata mmoja. "Hata ng'ombe hawaitwi kwa jumla," akasema, "kila mmoja ana jina lake. Beba mtungi wako, nenda ukaite."

Nikaubeba tena siku ileile hadi kwa baba mkwe, walikokuwa wameketi tena. Pombe ilikuwa imezidi kuchacha. Nilipiga magoti mbele ya mtungi, nikavuta mrija wangu wa kwanza wote wakinitazama, ukali ukanitoa machozi, watoto wakacheka. Kisha nikamkaribisha baba mkwe kwa heshima yake, maana jina la mkwe halitajwi ovyo, nikamwita Venansi, nikamwita Skolastika, nikamwita Ferdinandi, nikawaita wote mpaka Marita mwenyewe. Wakanywa. Venansi akasema pombe hii ni chachu kama maneno ya shangazi. Marita akamwambia nyamaza, ya mkeo ilikuwa maji ya kuoshea mtungi. Nilirudi nyumbani na mtungi mtupu kichwani, mwepesi kama kofia. Tangu siku hiyo sijasahau jina la mtu yeyote aliyekunywa kwangu.

Miaka ilipita. Mimi na Gaspari tulihamia Butihinda tulikopata shamba, tukazaa, tukazika, tukalea wajukuu. Spesi ni mtoto wa mwanangu Deo. Alisoma, akawa mwalimu huko Gitega, na kila likizo alikuja kwangu na mkoba wa madaftari. Nilidhani anasahihisha kazi za wanafunzi. Kumbe kwa miaka mitatu alikuwa anaandika riwaya, na hakumwambia mtu. Si mimi, si baba yake, si hata yule mwalimu mwenzake aliyeishi naye chumba kimoja.

Riwaya yenyewe inaitwa Boga la Mpakani. Kuna mwanamke jina lake Kaneza, anarudi na baba yake kutoka ukimbizini, wanakuta shamba lao linalimwa na jirani. Wazee wa kilima, maana huku kijiji huitwa kilima, wanalikata katikati, huku Kaneza, kule jirani. Kaneza anapanda boga. Mmea unatambaa, unavuka mpaka, unazaa upande wa pili. Boga ni la nani? Wewe uliyekulia mjini unaweza kucheka. Huku Butihinda, ambako nyumba kwa nyumba tulirudi kutoka Tanzania, hilo halichekeshi. Watu wameacha kusalimiana kwa kitu kidogo kuliko boga.

Spesi alipomaliza alikwenda sekretaria, pale wanapopiga chapa barua za watu na kutoa fotokopi, akapigiwa chapa karatasi zote. Akazipeleka kwa Bwana Liberi, mtu wa Gitega anayechapisha vitabu. Bwana Liberi alikaa nazo muda mrefu, mtoto wa watu hali vizuri, kila simu ikilia anaruka. Alipomwita, alimwambia hadithi si mbaya. Lakini ni ya Kiswahili, na watu wa hapa wamezoea kusoma Kifaransa cha shule na Kirundi cha kanisani. Nani atakisoma? Umewasomea nani? Spesi akasema hajamsomea mtu. "Bon, haya," akasema Bwana Liberi, "niletee kwanza wasomaji, halafu nitaleta karatasi." Akamrudishia bahasha yake.

Likizo ikafika, akaja Butihinda na bahasha ile. Nilikuwa nauza karanga kwenye soko letu dogo, nazifunga kwenye karatasi zozote ninazopata. Akaniwekea bahasha mapajani akasema, "Bibi, chukua hizi ufungie karanga. Mi nimeacha."

Nikachomoa ya juu. Nilisoma kwa kidole, neno moja moja, na yeye amegeukia pembeni. Nilipofika pale Kaneza anapoteremka kwenye gari na kuuliza njia ya kwenda kwao wenyewe, kidole kikasimama. Niliikumbuka siku niliyoteremka mimi. Nikazikunja karatasi nikazirudisha kwenye bahasha. Nikamuuliza, "Spesi, uliionja mbele ya nani?"

Hakuelewa. Nikampa hadithi ya mtungi, hiihii niliyokupa wewe. Akasikiliza, akasema, "Bibi, watanicheka." Kisha akaongeza polepole kwamba anaogopa jirani zetu watajiona mle ndani. Nikamwambia wakijiona watakisoma. Lakini woga wake niliuelewa. Mficha uchi hazai, ndivyo wasemavyo, ila anayevua nguo baridi humpiga, na hilo methali haikulisema.

Nilikuwa na kitambaa cha kushona, kwa ajili ya posa ya binti wa jirani. Basi tukaenda wote Muyinga mjini, kwenye duka la Mama Gulshan. Huyu ni mama wa Kihindi, Mwislamu, duka la vitambaa alirithi kwa mume wake na mume kwa baba yake. Amezaliwa Muyinga na Kirundi chake kinashinda changu. Barazani kwake wamekaa mafundi na vyerehani vyao, na mbele ya vyerehani kuna benchi refu. Hapo wanawake hukaa wakingoja nguo zao, asubuhi mpaka mchana, hawana la kufanya zaidi ya kusema watu. Nikaona hapa ndipo. Watu waliofungwa na nguo ambayo haijaisha hawawezi kukimbia.

Nikamwambia Spesi atoe karatasi asome. Akaniomba nisome mimi. Nikamwambia mwenye pombe ni yeye.

Alianza kwa sauti ya mtu anayeungama. Fundi Kasiani, mzee mwembamba mwenye futi shingoni, akasimamisha cherehani. "Mwalimu," akasema, "we pandisha sauti. Mashine yangu iko inapiga kelele, na mi nimesikia boga, nataka kujua inaenda wapi." Watu wakacheka, na Spesi akacheka nao, na kicheko kile ndicho kilichomfungua koo. Akasoma.

Usidhani walimpigia makofi. Alipofika mahali alipoandika kwamba boga lilizaa baada ya majuma mawili, mwanamke aitwaye Zena, aliyekuwa anangoja sare za watoto, akamkata. "Mwalimu, hiyo boga ulipanda wewe ao ilipandwa na malaika?" Benchi zima likaangua kicheko. Spesi akatoa kalamu akarekebisha. Alipofika penye neno muktadha, Kasiani akauliza hiyo muktadha iko nini, inaliwa? Spesi akajaribu kumweleza, akashindwa, akalifuta. Akaniambia baadaye kwamba lile neno alilipenda sana. Nikamwambia alipende nyumbani.

Alipokatisha kusoma, alikatisha pale ambapo jirani ameona boga upande wake na ameshika jembe mkononi. Alikatisha kwa sababu nguo yangu ilikuwa tayari, si kwa ujanja. Kisha Mama Gulshan akatokea mlangoni mwa duka na mita ya kupimia mkononi; kumbe muda wote alikuwa amesimama nyuma ya mlango, mteja ndani anamngoja.

"We mtoto," akasema, "unakwenda wapi? Yule mama alikula boga ao hakula?"

Spesi akamwambia atajua siku ya soko.

"Siku ya soko mi nitakuwa nimekufa," akasema Mama Gulshan, akarudi ndani.

Tulirudi siku ya soko, na nyingine, na nyingine, mpaka likizo ikaisha. Wengine walikuja na vitambaa ambavyo havikuwa na haraka ya kushonwa. Ipo siku moja ilikuwa mbaya, nisikufiche. Ilikuwa sura ndefu, baba yake Kaneza anaeleza mambo ya zamani, kurasa na kurasa. Wanawake wakaanza kuulizana habari za bei ya mafuta. Kasiani akarudi kwenye mashine yake. Spesi akasoma mpaka mwisho, nami nikaona hakuna anayemsikiliza. Kwenye ile sura alikuwa ameweka yote aliyosoma shule. Kesho yake akaikata, akabakiza ukurasa mmoja, na ukurasa ule ndio uliomliza Zena. Warundi husema akili huchukuliwa kwa jirani, kama kaa la moto. Lakini mwanangu, kaa la moto linaunguza anayelibeba.

Na mimi nilifanya nini siku zote hizo? Nilikaa mwisho wa benchi nikashika majina. Siwezi kuandika upesi, ila kusahau siwezi kabisa. Kila aliyekaa nilimwuliza yeye nani, ni wa kilima gani, mtoto wa nani. Nilijua nani alicheka wapi na nani aliuliza nini.

Likizo ilipoisha Spesi alipiga chapa upya, nami nikavaa kitenge changu kizuri tukaenda Gitega pamoja. Bwana Liberi ni mtu mnene mwenye miwani kichwani, si mtu mbaya. Ametundika pale ukutani vitabu alivyochapisha, na kwenye kona kuna maboksi ya vile ambavyo havikupata watu. Nilivitazama vile vya kwenye maboksi nikaona mitungi.

Akatukaribisha viti. "Donc, basi, Mwalimu, umeniletea wasomaji?"

Spesi akaweka bahasha juu ya meza, akakaa, akainamisha kichwa.

Mwanangu, nilijiona. Nilijiona mkekani kwa baba mkwe, mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, macho chini, pombe nzuri katikati ya watu na hakuna wa kuigusa. Nikamgusa kiwiko nikamwambia, "Onja."

Akainua kichwa. Akatoa ukurasa wa Kaneza kuteremka garini, akausoma kwa sauti, mbele ya yule bwana, mbele ya msichana wa mapokezi, sauti inatetemeka mwanzoni kisha imetulia. Bwana Liberi akashusha miwani ikakaa machoni. Alipomaliza, akasema sawa, ni nzuri, na mara ya kwanza hakuiona hivi. Lakini bado anauliza: nani?

Basi nikaanza. Nikamtajia Zena wa Butihinda, mke wa fundi baiskeli, aliyesema boga limepandwa na malaika. Nikamtajia Kasiani fundi, ambaye hajui kusoma na amesema mtoto wake atamsomea. Nikamtajia Konsesa na dada yake Evelina, waliogombana barazani kwa sababu mmoja alimtetea Kaneza na mwingine jirani. Nikamtajia Hawa muuza ndizi, Mama Rehema, Anjelina wa Bugendana aliyekuwa amekuja msibani Muyinga na akaahirisha gari kusudi asikie mwisho, Yusta, Goreti mwenye pacha, Sauda, mwalimu Dismasi, katekista Firipo aliyesimama mbali akijidai hasikilizi. Niliwataja wote. Yule bwana alianza kuandika, akashindwa kunifuata, akaweka kalamu.

"Mukecuru, bibi yangu," akaniuliza, "majina haya umeyaandika wapi?"

"Hayajaandikwa," nikamwambia. "Ndiyo maana hayajapotea."

Akacheka, lakini mchuuzi ni mchuuzi. Akaomba apigiwe simu mmoja wao, yeyote. Spesi akampigia Mama Gulshan, akaiwasha ile sauti ya kusikiwa na wote. Mama huyo hakungoja hata salamu. "Kitabu iko tayari? Mwalimu, nimefikiri sana, yule mama asimpe jirani boga lote. Ampe nusu na mbegu. Unanisikia? Na mbegu!"

Bwana Liberi akatazama simu, akamtazama Spesi. Akasema atachapa vichache kwanza, kwa sharti moja: Spesi asimwachie yeye kazi ya kuvisambaza, avipeleke mwenyewe kule watu walipo. Spesi akasema ndiyo, na sauti yake haikutetemeka.

Tulivitoa pale barazani kwa Mama Gulshan. Walikuja wengi, na katekista Firipo akakaa mbele safari hii. Spesi alikuwa ameandaa hotuba. Aliikunja. Alifungua kitabu akasoma ukurasa wa kwanza, yeye kwanza, kisha akaanza kuwaita mmoja mmoja kwa majina na kuwapa mkononi. Nyuma ya kitabu alikuwa amechapisha majina ya wote waliomsikiliza, kama nilivyomtajia. Kasiani akaomba aonyeshwe lake. Akaweka kidole juu yake, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe mi ni mrefu hivi."

Nilikuwa nimejaa, mwanangu. Nilijiona Marita mpya. Na hapo ndipo nilipopigwa.

Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alikipokea kitabu, akafungua nyuma, akapitisha jicho juu hadi chini, mara ya pili, mara ya tatu. Nilimkumbuka sura. Alikuja siku moja tu, ile siku mbaya ya sura ndefu, akasimama karibu na nguzo kwa sababu benchi lilijaa. Wengine wote walipokuwa wanasema bei ya mafuta, yeye alikuwa anasikiliza. Nami siku ile nilikuwa nimekasirika kwa ajili ya mjukuu wangu, sikumwuliza jina.

Akaniambia bila hasira, "Bibi, mi simo."

Watu husema nakumbuka majina yote. Nakumbuka niliyouliza. Nilimwomba kile kitabu na kalamu ya Spesi, nikamwuliza jina lake, kilima chake, mtoto wa nani. Akasema yeye ni Janina, wa Bukirasazi, ameolewa Muyinga. Nikaandika mwenyewe, kwa mkono wangu wa darasa la nne, chini kabisa, chini ya Kasiani na Mama Gulshan: Janina, aliyesikiliza siku ambayo wengine hawakusikiliza. Ilinichukua muda. Alinisubiri, mtoto akanishika kilemba. Bwana Liberi alipochapa mara ya pili, jina lile lilikuwa mahali pake.

Sasa nikupe nasaha, maana ndizo ulizofuata. Usiifiche kazi yako mpaka ukaipeleka kwa mgeni wa kwanza aisome. Ionje mbele ya watu wako, kwa sauti yako mwenyewe, hata ikikutoa machozi. Wakikucheka, angalia wamecheka wapi, shika kalamu. Wakianza kuzungumzia mafuta, kata. Wanasema kizuri chajiuza; mimi nimeona vizuri vingi vikioza maboksini, vimengoja kuitwa badala ya kuita. Usiseme "wasomaji", kama mtu anayesema "ng'ombe". Kila mmoja ana jina, na jina halijulikani mpaka umeuliza. Na unapowauliza walioketi mbele wakicheka kwa nguvu, mwulize na aliyesimama karibu na nguzo, hasa siku ambayo mambo yamekuharibikia. Huyo ndiye atakayekifungua kitabu chako mara tatu akijitafuta.

Haya, mwanangu, nenda. Mungu akupe koo lisilokauka, na watu wa kukukatiza pale unapodanganya. Akupe benchi refu na nguo zisizoisha upesi. Kila mtungi utakaoubeba kutoka nyumbani ukiwa umejaa, akurudishie mtupu.